Wananiambia niuze bodaboda tukaishi kijiji kisicho na hela, mwalimu unasemaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, nipo Morogoro, naendesha bodaboda yangu mwenyewe, mkopo nilimaliza mwaka jana. Kuna kikundi nimejiunga wanataka kuanzisha kijiji ambacho hakuna hela kabisa, kila mtu anafanya anachoweza na anachukua anachohitaji. Wanasema hela ndo chanzo cha njaa, rushwa na vita, na kwamba mababu zetu waliishi vizuri tu bila hela. Sasa wananiambia niuze pikipiki nichangie tununue shamba. Moyo unataka ila roho inasita. Hivi kweli watu wanaweza kuishi bila hela?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kuuza. Nitakujibu kwa urefu kidogo manake hili swali nimelibeba miaka mingi, nimefundisha uchumi tangu nywele zikiwa nyeusi na kila mwaka kuna kijana ananifuata baada ya kipindi kuniuliza hivohivo, na huwa ni kijana mwenye huruma, sijawahi kuulizwa na mtu mchoyo. Kwahiyo kwanza jua kwamba kinachokusukuma ni kitu kizuri. Umeona mtu anarudishwa hospitali kwa sababu hana ya kutanguliza, umeona nyanya zinaoza barabarani na mtaa wa pili mtoto analala njaa, ukajiuliza huu ni utaratibu gani. Mi pia hilo linaniuma na sitaki ulizoee.

Hayo wanayokwambia hawajayatunga wao. Kuna mzee mmoja Mmarekani, Jacque Fresco, alizaliwa 1916 akafariki 2017, alikuwa na eneo lake kule Florida kwenye kamji kanaitwa Venus, akajenga nyumba za duara duara na vielelezo vya miji ya baadaye, na mafundisho yake ni kwamba dunia ina vitu vya kututosha wote ila hela ndo inaweka uzio, tukiondoa hela tukaweka kompyuta na mashine zigawe kwa kuangalia kilichopo, basi. Mwaka 2008 Peter Joseph akaanzisha vuguvugu lake linaitwa Zeitgeist Movement likayasambaza mawazo hayo kwenye intaneti dunia nzima, 2011 wakatengana na yule mzee. Afrika Kusini nako kuna Michael Tellinger akaja na ya kwake akaipa jina la Ubuntu, hadi chama cha siasa alianzisha, 2014 wakagombea uchaguzi mkuu wasipate hata kiti kimoja. Ukiongea na hao watu wengi wao wana nia safi kabisa. Shida yangu haiko kwenye nia zao.

Shida yangu ni hii. Wanaichukulia hela kama ukuta, ukibomoa watu wanapita. Lakini hela inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ni kweli inamzuia asiye nayo, hapo wako sahihi, ila pia inapeleka habari, na hiyo kazi ya pili huwa hawaizungumzii kabisa. Na ukiiondoa hiyo hela lile swali la nani apate nini na nani asubiri linabaki palepale, linahama tu kutoka kwenye bei linaenda kwa mtu, na huyo mtu ndo anakuwa bosi wako hata kama mnaitana ndugu.

Ngoja nianze na mababu manake hapo ndo wanapowashika vijana. Si kweli kwamba huku hatukuwa na hela. Kilwa walifua sarafu zao za shaba karne nyingi kabla Mreno hajafika, na baadhi zimeokotwa hadi kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia mwaka 1944, fikiria. Kule Tabora na Usukumani majembe ya chuma yalikuwa yanatumika kama hela, unatoa mahari kwa majembe, unanunua mbuzi kwa jembe. Chumvi ya Uvinza ilizunguka bara zima hivohivo. Na kauri, zile simbi za baharini, zilitumika Buganda, zilitumika Afrika Magharibi, na kwenye miaka ya 1840 kampuni za Wajerumani wa Hamburg zikaanza kuzibeba kwa shehena kutoka Zanzibar kupeleka huko magharibi, zikajaa mno thamani yake ikaporomoka, yani hata mfumuko wa bei tulikuwa nao kabla ya noti. Ambacho ni kweli, na nadhani ndo kinawachanganya, ni kwamba hela ya mkoloni ililetwa kwa nguvu. Mjerumani alianza kutoza kodi ya kibanda 1897, huna rupia unaenda kuzitafuta kwenye shamba lake, utake usitake. Kwahiyo ile chuki ya hela kwenye kumbukumbu zetu ina sababu, ila ilikuwa chuki ya kulazimishwa, na kulazimishwa kunawezekana hata bila hela kama utakavoona hapo chini.

Halafu chukua msiba. Watu wanasema angalia msibani, watu wanaleta vitu bure, hakuna anayelipwa. Sawa, ila we ulishawahi kukaa pale mlangoni kwenye kimeza? Mi mama yangu alipofariki nilikuja kukuta daftari lililoandikwa na shemeji yetu, kurasa 11, fulani debe la mahindi, fulani kuni mizigo miwili, fulani kilo mbili za mchele na khanga, fulani kalala siku tatu anapika. Nimelitunza hadi leo. Na mwaka uliofuata jirani alipofiwa, dada yangu mkubwa alilifungua lile daftari kabla hajaamua apeleke nini. Sisemi hivo kuudharau ule upendo, upendo ulikuwepo na ndo uliotubeba, nasema tu kwamba hata pale tunapotoana bure kuna kumbukumbu, kwenye daftari au kwenye kichwa cha mama mmoja wa mtaa, na inawezekana kwa sababu tunafahamiana. Watu 60 wanaojuana majina wanaweza. Watu laki tano hakuna wa kuwakumbuka.

Sasa nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote, manake hao watu walikuwa wanagawa chakula bure kwa masikini, hakuna faida, hakuna tamaa, na bado iliwashinda bila bei. Marekani kuna mtandao mkubwa unaitwa Feeding America, una maghala ya chakula kama 200 nchi nzima, viwanda vinatoa chakula kilichobaki, mtandao unayapelekea maghala, maghala yanawapa wenye njaa. Zamani walikuwa wanagawa kwa zamu. Zamu yako ikifika unapigiwa simu, kuna lori la kitu fulani, unalitaka au hulitaki, unajibu ndani ya masaa machache. Na kilo ilikuwa ni kilo tu, kilo ya viazi wanaihesabu sawa na kilo ya maziwa ya unga. Ikawa ghala lililopo jimbo la Idaho ambako viazi ndo vinalimwa linaletewa viazi, wakati ghala lingine kule mbali viazi linavililia, na huku hawana siagi ya karanga hata kopo. Hakuna aliyekuwa mbaya pale. Ofisi kuu haikujua tu kila ghala lina nini stoo na linakosa nini wiki hii, na isingeweza kujua.

Mwaka 2005 wakabadilisha wakishirikiana na wachumi wa chuo kikuu cha Chicago. Wakatengeneza hela ya kuigiza, pointi tu ambazo huwezi kutoka nazo nje, kila ghala likapewa pointi kulingana na wingi wa masikini wa eneo lake, ghala la walio hoi zaidi linapata nyingi zaidi, halafu kila siku kuna mnada, unataka nafaka weka dau, kitu ambacho hakuna anayekitaka bei yake inashuka hadi chini ya sifuri, yani ukikichukua unaongezewa pointi. Zile zilizotumika mchana usiku zinagawanywa upya kwa wote. Nafaka za boksi na pasta zikapanda kwa sababu zinakaa muda mrefu, mboga mbichi zikawa karibu na bure, na ghala dogo likawa linajikusanyia pointi kwa vitu vya bei ndogo linasubiri kitu kimoja linachokihitaji kweli. Hata wakuu wa maghala waliokuwa hawataki kusikia neno soko walikuja kukubali kwamba chakula sasa kinafika panapotakiwa.

Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya jibu langu. Ona pia kwamba waliweka hela lakini wakaanza kwa kumpa masikini nyingi. Kwahiyo bei ilibaki ikifanya kazi ya kupeleka habari, ila ule ukuta wakaubomoa. Nitarudi hapo.

Nasema bei ni habari kwa maana hii. We unapita pale stendi Msamvu, angalia mkaanga chipsi. Wiki ambayo mvua imeharibu nyanya kule Ilula, tenga linapanda, na yeye bila kuambiwa na mtu anapunguza kachumbari, anaongeza kabichi, mama ntilie wa pembeni anaweka ukwaju, na kule Lushoto kuna mkulima alitaka kusubiri wiki mbili anaamua avune sasa apeleke mjini. Hakuna hata mmoja aliyepiga simu Ilula kuuliza kumetokea nini. Namba moja tu imepita kwa watu maelfu na kila mmoja akabana kidogo pale anapoweza kubana. Sasa iondoe hiyo namba. Yule wa chipsi atajuaje kwamba nyanya leo azihurumie? Ataziona zipo, atazimaliza, na wa mwisho hakuti kitu, na sio kwamba yule wa kwanza ni mchoyo, hakuambiwa.

Najua watakwambia kompyuta itapima. Mwaka 1920 Ludwig von Mises, mchumi wa Austria, aliuliza hilihili kwamba bila bei mtu wa mipango atajuaje njia ipi inakula kidogo, na wakati ule walimjibu kwamba tutapiga hesabu, leo wanasema kompyuta imekua basi tatizo limeisha. Mi siamini, na sababu yangu haihusiani na ukubwa wa kompyuta. Chukua mto Ruaha Mkuu. Maji yaleyale yanatakiwa na wakulima wa mpunga kule Usangu, yanatakiwa na wafugaji, yanatakiwa na viboko na tembo wa hifadhi ya Ruaha, na yanatakiwa na mabwawa ya Mtera na Kidatu ambayo ndo umeme. Tangu 1993 ule mto umekuwa unakauka kiangazi kwa wiki na wiki pale hifadhini. Mashine inaweza kukwambia yamebaki maji kiasi gani hadi lita ya mwisho. Haiwezi kukwambia nani akose. Hilo ni swali la watu, na mtu aliyeiandikia mashine kwamba umeme uanze kabla ya mpunga ndo aliyeamua, ila sasa amejificha nyuma ya skrini na huwezi kumpigia kura wala kugombana naye. Kwangu hilo linatisha kuliko bei.

Imeshajaribiwa, na kwa nchi nzima. Warusi baada ya mapinduzi, kati ya 1918 na 1921, walielekea huko, mgao, tramu bure, posta bure, nafaka inachukuliwa kwa mkulima kwa bunduki, kukawa na viongozi wanaongelea kabisa kuifuta hela. Watu wa mjini wakawa wanapanda treni na magunia kwenda vijijini kubadilishana nguo kwa unga, chumvi ikawa hela. Machi 1921 Lenin mwenyewe, kiongozi wao, akarudi nyuma, akaruhusu soko. Hapo nimepita haraka ila Kambodia siwezi kupita haraka.

Aprili 17, 1975 Khmer Rouge, wapiganaji wa kikomunisti wa kule, waliingia Phnom Penh, mji mkuu. Walitoa watu wote mjini, hadi wagonjwa kwenye vitanda vya hospitali, wakafuta hela, jengo la benki kuu wakalilipua kwa baruti. Noti mpya walikuwa wameshazichapa wakaamua wasizitoe. Watu wakawa wanalima kwa vikundi na kula kwenye jiko la pamoja, mgao unatoka kwa mkuu wa kikundi. Sitaki kusema hela kufutwa ndo iliyoua, waliua kwa risasi na kwa majembe na kwa kazi na njaa, watu kati ya milioni moja na nusu na mbili, na wanaotaka kijiji chako sio wauaji wala siwalinganishi nao. Ninachotaka uone ni kitu kimoja. Mtu asiye na hela mfukoni hakuwa na njia yoyote ya kula bila kupitia kwa mkuu wa kikundi. Hawezi kununua nauli akaondoka. Hawezi kwenda duka la pili. Waliofanikiwa kuficha kipande cha dhahabu kwenye pindo la nguo walikuwa wanabadilisha usiku kwa mchele, kwa siri, ukikamatwa umekufa. Na utawala ulipoanguka Januari 1979, hela ya nchi hakuna, unajua watu walitumia nini? Mchele, wanaupima kwa kopo tupu la maziwa. Kitambaa ni makopo kadhaa, usafiri ni makopo kadhaa. Hakuna aliyewafundisha. Riel, hela ya Kambodia, ilirudishwa Machi 1980.

Na hapa kwetu tumeonja kidogo, ingawa sisi hatukuifuta hela. Mwanzoni mwa miaka ya 80 hela ilikuwepo ila bei zote zimepangwa na serikali na vitu hakuna, sukari, sabuni, mafuta, khanga. Mi nilikuwa mtoto, nilikuwa natumwa alfajiri na jiwe kwenye duka la kaya, yani lile duka la mgao la mtaa. Unaliweka jiwe lako kwenye foleni linakusimamia wakati umeenda shule, na kila mtu alilijua jiwe la mwenzake, letu lilikuwa na doa jeupe upande. Nikirudi saa nane jiwe limesogea hatua tatu na sabuni imeisha, lakini kuna watu hawakuwahi kuwa na jiwe kwenye ile foleni na sabuni walikuwa nayo, walipita mlango wa nyuma, ni shemeji wa fulani, wanafahamiana na anayegawa. Hela yetu ilikuwa sawa na ya kwao. Tulichokosa ni kujuana. Ndo maana mtu akiniambia rushwa itaisha tukifuta hela nakumbuka lile jiwe.

Lakini kuna mahali imefanya kazi, siwezi kukuficha. Kibbutz za Israel, yani vijiji vyao vya ujamaa, ya kwanza Degania mwaka 1910, watu waliishi miongo mingi bila mishahara, bwalo moja, kila kitu cha wote, kwenye nyingi hata watoto walilala nyumba yao ya pamoja. Waliweza kwa sababu walikuwa wachache, wamejichagua wenyewe, wanafahamiana, mtu akichoka anaondoka, na huko nje walikuwa wanauza na kununua kwa hela kama wengine. Hata hivo baada ya madeni ya miaka ya 80 wengi walibadilika, walipofunga mita za umeme kila nyumba matumizi yalishuka, bwaloni walipoanza kulipia chakula kilichokuwa kinatupwa kilipungua, na mwaka 2007 Degania yenyewe ilipiga kura kukubali mishahara inayotofautiana. Miaka 97 sio midogo na mi nawaheshimu sana.

Sasa nirudi kule kwenye ukuta. Bei inasikiliza mwenye hela tu, asiye nayo hata akilia haimsikii, hiyo ndo dhambi yake kubwa na hapo niko na kikundi chako asilimia mia. Dawa yake naiona kwa wale wa pointi, mpe asiye nayo sauti. Bima ya afya inayomfikia bibi wa kijijini. Elimu bila ada kama tulivoanza 2016, hata kama madarasa yamejaa na bado tunapigania walimu. Damu tunachangia bure na iendelee kuwa bure. Na Mombasa, mtaa wa Bangladesh, mwaka 2013 wafanyabiashara wadogo walifanya kinyume kabisa cha kufuta hela, walichapa vocha zao wakaziita Bangla-Pesa, manake mama wa mboga ana mboga, fundi cherehani ana muda, wote hawana shilingi, kwahiyo wote wanakaa tu wanaangaliana. Zile vocha zikawafanya wauziane. Polisi waliwakamata waanzilishi kwa kughushi, kesi ikaja kufutwa, kazi ikaendelea. Umasikini wa mtaani kwetu mara nyingi ni huo, vitu vipo, mikono ipo, ila hela haifiki.

Kuhusu pikipiki yako. Kabla hujaiuza kaa nao hao wenzako uwaulize, na uwaulize mbele ya watu wote sio pembeni. Hati ya shamba itaandikwa jina la nani. Kijiji hakina hela, sawa, mtu akiumwa usiku dawa na nauli ya Morogoro mjini vinatoka wapi. Wawili wakiutaka mfuko mmoja wa mbegu nani anaamua, na huyo anaondolewaje. Na nikichoka baada ya miaka miwili naondoka na nini. Hilo la mwisho usikubali jibu la kwamba ukiwa na imani hautachoka, kibbutz zilimruhusu mtu aondoke na ndo maana zilidumu.

Wakijibu vizuri kwa maandishi nenda ukalime nao msimu mmoja, peleka mikono yako, siku zako za Jumamosi, mfuko wa mahindi. Pikipiki ibaki. Ile ndo inayokufanya uwe pale kwa kupenda, siku ukitaka kurudi nyumbani unaiwasha.